Spiriti ya Maembe Mabovu

Siku aliyokutana na Ishaka, Jalila alikuwa amebakiwa na maembe matatu ya kuuzika na gunia zima la mabovu. Soko la Kongowea lilifurika hata pa kukanyaga hapana. Buibui lake lilikuwa na madoa ya utomvu, na hasira zilimpanda, maana jua la siku mbili lilikuwa limemharibia jasho la babake shambani.

"Dada, gunia hilo waliuza?"

Akageuka. Kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati jeupe limepigwa pasi kama la bwana harusi, na miguuni gambuti zimejaa tope. Gambuti zile zilimchekesha, ila alijikaza.

"Yameoza. Huna macho?"

"Macho ninayo. Ndiyo maana nilianza kukutazama wewe kabla ya gunia."

"Basi tazama gunia. Mie siuzwi."

Akalinunua, akachukua na maganda ya mananasi ya jirani, kisha akaomba nambari ya simu, eti apate kuulizia mabovu mengine. Mwanamume gani huanza mapenzi kwa maembe yaliyooza? Lakini jioni ile simu ililia, wakazungumza saa nzima, na mabovu hayakutajwa hata mara moja.

Ishaka alikuwa na kibanda chake Magongo. Alisaga matunda mabovu na maganda, akayachachusha kwa hamira ndani ya mapipa, akayachemsha, na mvuke ukapita kwenye mrija wa shaba ukatoka spiriti ya kupikia. Alimletea Jalila jiko na chupa ya spiriti ya buluu, na nyumba ya babake, Mzee Hashim, kule Mtongwe ikaanza kupika wali bila moshi.

"Umekula, roho yangu?" Ishaka alikuwa akiuliza kwenye simu.

"Nimekula kwa moto wako."

"Basi hata nikiwa mbali, mimi ndiye niliyekupikia."

"Umepika nini wewe? Wapika maneno tu."

Shangazi Mwanasaumu ndiye aliyeitia mchanga pilau hiyo. Ishaka alipita siku moja kuleta spiriti, na alipotoka shangazi akasema, "Kijana wako anuka pombe. Pua hii nimeishi nayo miaka sitini, haijanidanganya."

Jalila hakupokea simu siku nne. Siku ya tano Ishaka akamngojea sokoni, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Ni kweli nanuka," alisema. "Spiriti na pombe baba mmoja mama mmoja. Lakini mie sinywi. Njoo uone mwenyewe."

Kule kibandani alimimina spiriti nyeupe kama maji, akaitia rangi ya buluu, kisha unga kidogo wa dawa chungu, ambayo sheria inataka itiwe ili mtu asiinywe. Akachovya kidole, akagusisha ulimi. Uso ulimkunjika, akatema, akakimbilia maji. Jalila alicheka hadi machozi yakamtoka. Hapo ndipo alipompenda hasa, wala simlaumu.

Posa ilipotumwa, Mzee Hashim alimwita binti yake barazani.

"Jalila."

"Abee, baba."

"Nimemuuliza sheikh. Asema ya kuwasha moto haina neno. Mie nataka jambo moja tu. Hiyo ya Ishaka yanyweka?"

"Hainyweki, baba. Aitia dawa chungu. Nimeona."

"Waapa?"

"Wallahi, hainyweki."

Kwa Mzee Hashim kiapo kilikuwa mwisho wa maneno. "Basi waje Ijumaa," akasema.

Alhamisi alasiri Jalila alikwenda Magongo na kanzu aliyomshonea Ishaka kwa siku hiyo. Hakumpigia simu, alitaka kumshtua. Mlangoni alimkuta Agneta, mwanamke aliyejulikana Magongo nzima kwa kuuza chang'aa, ile pombe ya magendo, akipakia madumu kwenye tuktuk. Spiriti ya ndani ya madumu ilikuwa nyeupe, haina hata tone la buluu.

"Hukuitia ile dawa yako?" Agneta alikuwa akiuliza.

"Sikuitia," Ishaka akajibu.

"Vyema. Wateja wangu hawataki uchungu."

Tuktuk ilipoondoka ndipo Ishaka alipomwona. Kanzu ilikuwa bado mikononi mwa Jalila.

"Tangu lini?" Jalila aliuliza.

"Miezi mitatu. Wenye majiko ya spiriti ni wachache, Jalila. Nimefanya hivi nipate kukuoa kwa heshima."

"Mie nimemwapia baba."

"Ulikuwa hujui. Asiyejua hana dhambi."

"Sasa najua."

"Nitaacha, wallahi."

"Usiape. Viapo vimetosha." Alimpa kanzu. "Kesho mwambie baba kwa kinywa chako. Atakasirika, lakini anayekiri humsamehe. Ukisema, nami nikiulizwa, nitanyamaza."

Ishaka alijua maana yake. Kwao, binti anayeposwa akiulizwa akanyamaza, amekubali.

"Nitasema, laazizi," akaahidi. Jalila alimwamini, kwa kuwa alitaka sana kumwamini.

Ijumaa baada ya sala wageni waliingia, Ishaka na kanzu yake mpya, mjombake Mzee Munga mbele. Halua ikaliwa, kahawa ikanywewa. Jalila alikuwa nyuma ya pazia, mikono imetiwa hina, shangazi ubavuni.

"Na kazi ya kijana?" Mzee Hashim aliuliza.

"Mwenyewe yupo, na aseme," Mzee Munga akajibu.

Ishaka akakohoa. "Natengeneza spiriti ya majiko, baba."

"Ya majiko tu?"

Jalila alilishika pazia.

"Ya majiko tu," Ishaka akasema.

Jalila aliliachia pazia. Kisha akasikia babake anamwita.

"Jalila, umeposwa na Ishaka. Wasemaje?"

Angenyamaza kidogo tu, Ishaka awe wake: utani wake, sauti yake kwenye simu, mikono yake inayonuka maembe. Alivitaka vyote. Shangazi alikuwa ameshavuta pumzi ya kigelegele.

"Amenyamaza," Mzee Munga akasema kwa furaha.

"Sikunyamaza." Jalila aliinua sauti. "Baba, nilikuapia uongo. Spiriti yake yanyweka. Aiuza kwa Agneta, haina dawa. Nimeona jana."

Barazani Mzee Munga akasimama. Kisha Ishaka akaita, kwa upole, "Jalila."

Hakuitika. Aliketi sakafuni, akawasikia wageni wakitafuta viatu vyao mlangoni, na kilio alichokizuia tangu jana kikamtoka.