Binamu, Gari na Yadira

Siku ya kuamkia Sikukuu ya Mama, soko la maua la Los Angeles lilifurika watu. Yadira, ndani ya gauni la njano, akaparamiwa na rundo la waridi lenye miguu miwili.

"Samahani, dada! Sikukuona."

"Ungenionaje, nawe umejificha kichakani?"

Waridi zikashuka, likachomoza tabasamu. Kijana aliitwa Eliseo, mchuuzi wa pale. Yadira akaondoka bila maua ya mama yake.

Miezi ikapita kama usingizi mtamu. Walitembea chini ya miti ya mijakaranda iliyotandika maua ya zambarau njia nzima, wakilishana tamale za moto za unga wa mahindi, wakicheka ovyo.

Eliseo aliletwa kutoka Puebla, ng'ambo ya mpaka, akiwa mtoto mdogo, kwa viza halali, nayo ilikwisha zamani. Yadira alikuwa raia. Siku moja akamwambia, "Tuoane, mpenzi. Wakili atakuombea makaratasi ya ukaaji."

Eliseo akageuza mazungumzo. Tangu hapo simu zake zikapungua, kisha zikakatika.

Yadira akamfuata sokoni. "Ni nani huyo mwanamke?"

"Hakuna mwanamke, kipenzi."

"Basi sema!"

Eliseo akatua ndoo ya maua. "Nikiwa na miaka kumi na tano polisi walinikamata. Binamu aliiba gari, nami nikapanda nikijua. Mahakama ya watoto ikanikuta na kosa. Nikiomba makaratasi watu wa uhamiaji wataliona, watanirudisha Puebla nisikomjua mtu."

"Ukaona bora unikimbie?"

"Niliona bora unichukie kuliko unililie."

"Mjinga wewe," akasema Yadira, machozi yakimtiririka.

Wakaenda kwa wakili, Bi Quintero.

"Uamuzi wa mahakama ya watoto kwa kawaida hauhesabiwi kama hatia kwenye uhamiaji," akawaambia. "Ila ofisa anaweza kuupima. Msiufiche, uongo ndio utawaponza. Siwaahidi kitu."

Nje, jua lilikuwa laini kama asali.

"Umesikia? Hajaahidi," Eliseo akanong'ona.

"Kwani naolewa na wakili?"

Eliseo akapiga goti palepale kando ya barabara, madereva wakimpigia honi. "Nioe, Yadira."

"Unioe wewe, bwana! Inuka, suruali inachafuka."

Wakaoana. Kwenye usaili wa uhamiaji ofisa akauliza, "Umewahi kukamatwa?"

"Ndiyo," akajibu Eliseo, akaeleza yote, akiushika mkono wa mkewe.

Wakasubiri hadi majira ya mvua. Ndipo barua ikaja, Yadira akapiga simu.

"Uko wapi, mume wangu?"

"Sokoni. Kuna nini?"

"Rudi nyumbani."

"Nyumbani Puebla?"

"Hapa, mpenzi. Wamekubali. Nyumbani ni hapa."