Vikopo vya Jumatatu ya Kwanza

"Hiki si changu," Aziza alisema, akatazama chini.

Kumkana mtu ni rahisi. Kukana choo kilichomo kikoponi mbele ya wanaume wawili, tena mmoja wao Mzungu, jamani, si mchezo. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 5 Julai 1954, saa nne kasorobo asubuhi, katika nyumba ya uzazi ya kampuni ya pamba pale Kasongo. Amuri, muuguzi wa hadubini, alikuwa ameshaandika kwenye daftari: Aziza, ana amiba. Bwana Munganga, daktari wa Kibelgiji, alikuwa amekaa kando yake tangu saa tatu na nusu, akahakikisha kwa jicho lake mwenyewe.

"Kila mmoja anasema hivyo," Bwana Munganga akajibu, akaondoka zake. "Lori linatoka saa tisa."

Kanuni ilibandikwa mlangoni mwezi wa Januari. Kila mfanyakazi mweusi alete choo chake Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kimefungwa kwenye jani, ndani ya kikopo chenye jina lake. Atakayekutwa na amiba, yule mdudu wa kuhara damu, apelekwe siku hiyohiyo kwenye kambi ya wagonjwa njia ya Kabambare, mbele ya Lusangi, miezi miwili, bila mtoto wala ndugu. Wazungu hawakuguswa na kanuni hiyo. Na wauguzi hawakuulizwa wanasemaje.

Aziza, mhudumu wa wodi, alikuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni.

"Kaka Amuri," alisema walipobaki wawili, "mimi nilifunga changu na kamba ya mugomba. Hiki kimefungwa na uzi. Angalia mwenyewe. Huyu mutoto ananyonya, nitamuacha na nani?"

Amuri aliangalia. Kweli, kando ya jani lililofunguliwa kulikuwa na uzi mweupe, umekatwa mfupi. Alipokifungua hakuuona, macho yake yalikuwa kwenye kioo cha hadubini.

"Ulileta saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, nilipotoka zamu. Muulize Kassimu wa getini."

Hapo ndipo Amuri alipokaa kitini kwa uzito. Saa kumi na mbili! Asubuhi za kiangazi cha Julai ni za baridi, na vikopo vilikaa kwenye meza ya baraza ya saruji kwa masaa. Naye alipoweka tone chini ya hadubini, saa tatu na dakika thelathini na tano, amiba walikuwa wanatembea. Jambo la kwanza alilofundishwa katika kazi hii ni kwamba amiba akipoa hatembei. Kitu alichokiona kilikuwa kimetoka mwilini mwa mtu muda usiozidi nusu saa.

Basi kuna mtu alikuja barazani mnamo saa tatu, akatoa kifurushi cha Aziza na kutia chake. Na mtu huyo bado alikuwa anashika watoto wachanga wa watu. Mwezi uliopita wazazi wawili waliotoka kujifungua walikuwa wamehara damu wodini.

Alianza na Régina, mfuaji wa mashuka. Jumamosi Régina na Aziza walitukanana mpaka wagonjwa wakatoka kuangalia, kwa sababu Régina aliitaka nafasi ya Aziza wodini.

"Saa tatu ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa bombani. Hesabu mashuka, baba. Kumi na mawili, na la mwisho lingali linadondosha maji. Nimeyafua na miguu?"

"Mligombana."

"Tuligombana, ndiyo! Mutu akigombana na mwenzake anamutukana mama yake, hamubadilishii mavi!" Régina alikamua shuka kama anamkamua Amuri mwenyewe. "Na weye, baba infirmier, muuguzi wetu? Sisi wote umetuangalia ndani mpaka utumbo. Chako nani anakiangalia?"

Mwenye hadubini alikuwa Amuri peke yake, na kikopo chenye jina lake hakikuwahi kuwekwa mezani. Tangu Januari hakuliona hilo kuwa neno.

Kassimu, mlinzi, alikuwa anafagia majani getini.

"Aziza alileta kikopo saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Wengine wakafuata mpaka saa mbili."

"Na baada ya saa mbili?"

"Hakukuja mutu."

"Hata mmoja?"

Kassimu alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa mle. "Baba, kama kuna mutu alikuja, mimi siwezi kumutaja mbele yako. Nilifunzwa adabu kwetu."

Amuri alielewa nusu, nusu nyingine akaikataa. Alirudi barazani mbio. Vikopo vilikuwa vimetiwa ndani ya ndoo, vinangoja kuchomwa saa sita. Alivitoa kimoja kimoja. Kumi na tisa. Kamba ya mgomba iliyosokotwa kwa vidole vya Aziza aliikuta kwenye kikopo cha kumi na nne. Jina la juu yake hakulisoma kwa sauti.

Na ule uzi mweupe aliujua pia. Ni uzi wa kufungia kitovu cha mtoto, unaochemshwa na kufungiwa kwenye saraka ya wakunga. Ufunguo wa saraka ile ulikuwa kiunoni mwa mkunga mkuu, Mama Waridi. Mama mzaa mke wake.

Huku kwetu mkwe hachezewi. Amuri akimwona mama huyo njiani, anaingia majanini mpaka apite. Hawajapeana mkono, hawajala sahani moja. Kazini walizungumza kwa kupitia watu wengine, na kila mtu aliona ni heshima nzuri. Sasa heshima hiyo ndiyo ilikuwa inampeleka Aziza lorini.

Saa saba na nusu, saa ya mapumziko, alifika nyumbani kwa mkwewe, mtaa wa Waislamu nyuma ya msikiti. Alikuwa amemchukua mkewe Waridi, akamketisha mlangoni penye pazia. Yeye mwenyewe alikaa uani, mgongo kwa mlango.

"Mwambie mama yako kwamba Aziza anaondoka saa tisa, na mtoto anabaki."

"Anasikia," Waridi alisema.

"Mwambie nimeona uzi wa kitovu. Na nimeona kamba ya mgomba ndani ya kikopo chenye jina lake."

Mama Waridi alijibu mwenyewe nyuma ya pazia, bila kupitisha kwa binti yake, na Waridi akajishika mdomo.

"Mukwe wangu afungue majani yangu? Achukue kijiti, atie kwa kioo, aangalie? Heri nife, baba. Heri wanizike leo."

Amuri alifunga macho. "Miezi sita umekuwa ukileta."

"Udongo," mama alisema. "Miezi sita nimeleta udongo wa muto, nimeukanda vizuri ndani ya jani. Na miezi sita umeandika: safi."

Waridi alimgeukia mumewe. Amuri alitamani ardhi ipasuke.

"Jumamosi wakatangaza kwamba Bwana Munganga ataketi kuangalia," mama aliendelea. "Nikajua udongo utaonekana. Nikaleta changu kweli, saa tatu, watu wakiwa kazini. Lakini jina langu juu yake? Hapana. Nikabadilisha na cha Aziza. Anakuita kaka, hana haya na weye. Yeye muzima, mimi muzima, nikasema hakuna atakayeumia. Sikujua nina ugonjwa, wallahi sikujua. Tumbo lilikuwa linaniuma kidogo tu." Sauti ilikatika. "Lakini niambie, baba. Ule udongo, ulikuwa unaona nini mule?"

Angeweza kudanganya. Mkewe alikuwa anamwangalia.

"Sikuangalia," Amuri alisema. "Hata mara moja. Nilikuwa ninaona jina lako, ninageuza uso, ninaandika safi. Leo tu nimetia kwenye kioo, kwa sababu Mzungu alikuwa ameketi."

Basi ndivyo walivyokuwa, mama na mkwe, kila mmoja akimficha mwenzake: huyu udongo wake, huyu kutouangalia. Katikati wazazi wawili walihara damu. Uani kuku walikuwa wanaparura tu.

"Aibu tumeilinda sisi," Mama Waridi alisema mwisho, "na analipa mutoto wa Aziza. Nenda ukaseme. Yangu na yako."

Saa nane na dakika ishirini Amuri alisimama mbele ya meza ya Bwana Munganga, akasema yote mawili. La mkwe lilimtoka upesi. Lake mwenyewe alilianza mara mbili. Bwana Munganga alipiga meza. Alimvua koti jeupe palepale, akamkabidhi ufagio wa wodi.

"Na ombi moja," Amuri alisema, ufagio mkononi. "Vikopo viwe na namba, si majina. Na mtu atibiwe hapahapa, dawa tunayo."

"Kanuni ni kanuni."

Saa tisa kamili Aziza alishushwa kwenye lori. Mama Waridi alikuja kupanda, kajifunika kanga mpaka machoni. Ubao wa nyuma wa lori ulikuwa juu, na mama alikuwa mnene. Kassimu alikuwa getini, dereva kwenye usukani, na mwanamume pekee aliyekuwa karibu alikuwa mkwe, asiyeruhusiwa kumgusa. Aziza ndiye aliyeinama, mtoto mgongoni, akatoa bega lake. Mama alilikanyaga, akapanda, akaanza kulia kwa sauti.

Jumatatu ya tarehe 2 Agosti Bwana Munganga alifika barazani mwenyewe, kwani sasa hakukuwa na mwingine wa hadubini. Alikuta vikopo mezani bila jina hata moja. Namba tu, zimeandikwa kwa mkono wa Aziza, na orodha ya majina ameifungia kwenye saraka ya wakunga, kwa ufunguo alioachiwa na Mama Waridi. Alifoka, akauliza nani kafanya, na wafanyakazi wote walikuwa wamejipanga mstari ukutani, wakimtazama bila kujibu. Mwisho alivuta kiti, akaketi.

Namba zilikuwa kumi na tisa mwezi huo pia, ijapokuwa Mama Waridi alikuwa kambini.

Wa kumi na tisa alikuwa bado amesimama mwisho wa mstari, kikopo amekifunika kwa kofia. Hatua sita kufika mezani zilimshinda.

"Weka tu, baba infirmier," Régina alimnong'oneza sikioni. "Sisi wote tuliweka."

Amuri aliondoa kofia juu ya kikopo, akaenda kuweka.