Abee, Mama

Aurelia wa Bombambili, yule muuza vitumbua, aliamka siku ile kama siku zote. Akapiga ishara ya msalaba, akachochea moto, akainama na kiuno chake. Huo ulikuwa mwaka wa pili hawezi kunyooka.

"Mama weye," mumewe Tadei alimtania huku akinoa randa yake ya useremala, "ukizidi kuinama utahesabu sisimizi wote wa Songea."

Alicheka, lakini machozi yalimtoka. Mgongo ulishapigwa picha, hawakuona kitu. Maji ya baraka alikunywa hadi dumu likaisha. Kwa hiyo aliposikia kuna watafiti wamekuja na mashine ya kupiga picha ubongo, wanatafuta watu wenye maumivu yasiyojulikana yatokako, hakungoja kuambiwa mara mbili.

Daktari wao alikuwa binti mpole, Pamela.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Tunataka kuona maumivu yanakaa wapi kichwani. Huzuni na mawazo mazito huwa yanakaa jirani nayo. Una jambo lolote linalokusumbua moyoni?"

"Sina."

Hapo alisema uongo. Hata padre alikuwa hajamwambia.

Mama mkwe wake, Bibi Genofeva, alikufa kwa kansa iliyoshukia kiunoni. Kwa kuwa hakujua kusoma, muuguzi wa majumbani alimfundisha kuchora maumivu yake ukutani kwa mkaa: mstari mmoja yakiwa madogo, kumi yakizidi. Dawa ya maji ya kutuliza aliitunza Aurelia. Alhamisi moja asubuhi bibi alimwita mgumba mbele za watu. Saa nane mchana, Aurelia akiwa jikoni kwenye kigoda anachagua mchele, akasikia chumbani:

"Aurelia!"

Mwanamke aliyelelewa huitika abee hata kama amekasirika. Yeye alikaa kimya. Aite, achoke.

"Aurelia! Aurelia!"

Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Tadei aliporudi kula, mama yake alishakata roho, kipande cha mkaa mkononi. Mistari kumi ukutani.

"Hakuita?"

"Hakuita."

Tadei alipaka ukuta chokaa. Wiki ileile kiuno cha Aurelia kikaanza.

Sasa alikuwa amelazwa chali ndani ya mashine, masikio yamezibwa kwa sababu ya kelele. Pamela alimpa mpira mkononi. "Usitikisike, usiseme neno. Ukizidiwa, bana huu."

Mashine iligonga, ikagonga. Kisha ikanyamaza.

"Aurelia."

Akadhani ni daktari. Kiuno kikapanda moto.

"Aurelia."

Wazee wanakataza kumwitikia usiyemwona hadi aite mara ya tatu. Alilikumbuka hilo. Lakini alikumbuka pia siku aliyonyamaza, na roho ikamuuma. Hakungoja ya tatu.

"Abee," alisema. "Abee, mama."

Maumivu yakakatika. Kama kamba.

Pamela alimwonyesha picha kwenye kompyuta, uso umekunjamana. "Hapa ni pa maumivu. Pamezimika ghafla. Na hapa ni pa kusikia. Pameamka kabisa, kama mtu anayeitwa."

"Si wewe uliniita?"

"Hapana, mama. Kile chombo cha kusemea ndani kimekufa tangu Jumatatu."

Aurelia alitembea hadi nyumbani mgongo wima. Alimkuta Tadei uani, anapiga randa ubao. Ghafla Tadei akainua kichwa.

"Naam, mama?"

Akaingia chumba cha marehemu. Akatoka.

"Umeniita?"

"Hapana."

"Ajabu." Akashika kiuno, akacheka. "Na hiki nacho, umeniambukiza?"

Aurelia hakucheka. Jioni alichungulia kile chumba. Juu ya chokaa, mstari mmoja.

Aliusugua kwa kitambaa kibichi. Haukutoka.

Jumapili Tadei hakuweza kwenda misa. Akahamia kitanda cha mama yake, maana ni kigumu. Mistari minne. Jumatano, saba. Alikuwa akiitika "naam" hadi sauti ikamkauka.

Aurelia alikimbia kwa watafiti. Walikuwa wanafunga mizigo. Akapiga magoti kwenye vumbi.

"Nirudishe mle ndani, mwanangu. Nirudishiwe maumivu yangu. Yalikuwa yangu!"

"Mama, mashine inapiga picha tu. Haitoi kitu, haiweki kitu." Pamela naye alikuwa analia.

Akarudi. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Tadei. Mama aliniita siku ile. Nilisikia. Nilinyamaza."

Tadei alikuwa ameutazama ukuta. Hakugeuka.

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Hajanyamaza tangu wiki jana," alinong'ona. "Mwitikie wewe, mke wangu. Mimi nimechoka."

"Abee, mama," Aurelia aliita. "Abee! Nipo, mama! Mwache mwanao, niite mimi!"

Aliitika mchana kutwa. Hakuna aliyemwita.

Tulimzika Tadei Ijumaa. Gaspari, aliyemwosha, ndiye aliyemkunjua ngumi. Ndani yake mlikuwa na mkaa, na chumba kile hakikuwa na mkaa tangu msiba wa bibi. Ukutani mistari ilitimia kumi.

Aurelia ameungama kwa padre, na Mungu ni mwingi wa huruma. Lakini ukimwita leo, anaitika kabla hujamaliza jina, na hakuangalii wewe.

Wanawake wa jumuiya walipokwenda kumsaidia kusafisha jikoni, walisogeza kigoda alichokalia siku ile ya mchele. Nyuma yake ukutani, usawa wa kiuno cha mtu aliyeketi, palikuwa na mstari mmoja wa mkaa.

Waliuosha. Bado upo.