Nyundo wa Upande Mmoja

Kila siku, akishatoka shule na kuosha vyombo vya mchana, Nyundo alichukua rungu lake la softboli nyuma ya mlango na kukimbilia kiwanjani. Mama yake alikuwa amezoea kumwuliza, "Umesuuza sufuria?" na yeye kujibu, "Nimesuuza, mama!" huku mguu mmoja ukiwa tayari nje. Mara nyingi sufuria ilikuwa imesuuzwa nusu.

Kiwanja chenyewe kilikuwa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ya dobi. Wasichana kumi na wawili wa mtaa ule, Nyundo akiwa mmoja wao, walicheza hapo, na kilikuwa na kasoro moja kubwa. Mpigaji akisimama na rungu lake, kushoto kwake kulikuwa wazi mpaka kwenye tangi la maji. Kulia kulikuwa na ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta kamba za dobi zilizojaa mashuka meupe. Mpira ukilipiga shuka lililokwisha kufuliwa, dobi alitoka macho yamemtoka pima, akautia mpira mfukoni, na hakuutoa mpaka msichana aliyeupiga amsaidie kukamua mashuka mawili. Kwa kuchoshwa na kukamua, wasichana walijitungia sheria yao: anayepiga kulia ametoka.

Sheria hiyo ilimfaa sana Nyundo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mabega mapana, na kila mpira uliomjia aliuwahi mapema na kuubamiza kushoto. Tangi la maji lilikuwa na mabonyeo ya mipira yake. Ndiyo maana wakamwita Nyundo, na jina lenyewe lilimvimbisha kichwa.

Jina la mwenzake mmoja alilitunga Nyundo mwenyewe. Msichana huyo alikuwa mwembamba, mpole, na alichelewa kupiga. Mipira yake ilikwenda kulia, ikapita ukuta, ikaangukia mashuka. "Mtazameni, kama anakoroga uji," Nyundo alisema siku moja. "Huyu si mpigaji, ni kijiko!" Wenzake walivunjika mbavu kwa kucheka. Tangu siku hiyo akawa Kijiko, na kila mpira wake ulipovuka ukuta walimwimbia, "Kijiko, kakamue! Kijiko, kakamue!" Naye alikwenda, akakamua, akarudi mikono imekunjamana kwa maji, akaketi benchi. Kwa miaka miwili alifanya hivyo bila kutia neno, na hakuna aliyejiuliza kama moyoni alikuwa na neno.

Kocha wao alikuwa shangazi yake Nyundo, dada wa baba yake. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye mikono iliyojaa alama ndogondogo za cheche, na timu nzima ilimwita Shangazi. Ujanani aliwahi kucheza softboli. Mwaka huo aliwapeleka kwenye ligi, ambako timu moja tu ingechaguliwa kwenda mashindano makubwa ya siku tatu, kwenye uwanja wenye nyasi na majukwaa. Nyundo aliuota uwanja huo mpaka darasani.

Mechi ya kwanza walikutana na timu ya watoto wa mtaa wa reli. Nyundo alipiga mpira mmoja kushoto, ukaruka vichwa vya wote, wenzake wakashangilia. Alipopiga wa pili palepale, mdakaji wa timu ya reli, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, msichana mwenye pengo na mdomo mrefu kuliko siku ya njaa, aliinua barakoa yake akaangalia uwanja kwa muda.

"Jamani, hamieni kushoto wote!" alipaza sauti. "Huyu anajua njia moja tu, ya kwenda kwao!"

Walihama wote. Upande wa kulia wa uwanja ukabaki mtupu, huna hata wa kumsalimia. Nyundo alipiga mara tatu zaidi kwa nguvu zake zote, na mara tatu mpira ukatua kwenye glavu iliyokuwa ikiusubiri. Watoto wa reli walicheka mpaka wakashika magoti. Timu yake ilishindwa.

Jioni ile Shangazi alimchukua mpaka karakana. Alikuwa ameunganisha bomba la chuma lililofika kiunoni, akatia mpira juu yake. Kwenye ukuta wa mabati wa karakana alichora duara tatu kwa chaki: kushoto, katikati na kulia.

"Sheria yenu ya uani imekulemaza," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Mpira wa karibu na mwili uwahi, uende kushoto. Wa katikati kutana nao mbele yako, uende kati. Wa mbali usiukimbilie. Uache ukufikie, ndipo uusukume kulia. Kila asubuhi kabla ya shule piga mipira hamsini, na thelathini kati ya hiyo iende kulia. Tumebakiwa na siku kumi na mbili kabla ya mechi ya mwisho. Nakuamini, kwa hiyo sitakuja kukusimamia."

Asubuhi ya kwanza Nyundo alijaribu mara tisa kupiga kulia. Aligonga bomba, akagonga hewa, akajigonga kidole. Wa kumi akaubamiza kushoto, bati likalia *bwaa!* naye akajisikia mtu tena. Akapiga mingine mitano hukohuko kushoto, kisha akaketi. Kabla ya kwenda shule aliipangusa duara ya kulia kwa vidole, chaki ikafifia kana kwamba imepigwa na mipira mingi.

"Umepiga?" Shangazi alimwuliza jioni.

"Nimepiga, Shangazi. Mpaka mikono inauma."

Alisema hivyo siku zote kumi na mbili. Shangazi alimwongezea maziwa, akamwambia apumzishe mikono.

Mechi ya mwisho ilikuwa na watoto wa reli walewale, na mshindi ndiye angekwenda kwenye mashindano. Ilipofika zamu ya mwisho, timu ya Nyundo ilikuwa nyuma kwa alama moja. Wenzake wawili walikuwa wamefika beisi ya pili na ya tatu, vile vituo vinavyozungukwa mpaka kupata alama, na wengine wawili walikwisha kutolewa. Akitolewa mwingine mmoja, kwaheri mashindano. Nyundo akaingia na rungu.

Watoto wa reli wakahamia kushoto wote. Shangazi alikuwa na furaha ya mtu mwenye siri. "Kulia, mwanangu!" aliita. "Uache ukufikie!"

Mpira ulikuja mbali na mwili, mpole kabisa. Nyundo alijua pa kuupeleka, lakini kujua kwake kuliishia kichwani. Mikono ikauwahi kama ilivyozoea. Mpira ulidunda kidogo kuelekea kushoto, ukaingia kwenye glavu, akatolewa. Mechi ikaisha.

"Pole," mdakaji mwenye pengo alimwambia, akitabasamu. "Ungetuma barua tu, tungejua."

Wenzake walimzunguka. Mmoja alikuwa analia. "Ilikuwaje? Si ulisema umejifunza?"

Nyundo alitazama huku na huku. Benchini alimwona Kijiko, ambaye hakuchezeshwa siku nzima, amekumbatia chupa za maji za wenzake.

"Kijiko alinipigia kelele," alisema. "Nilikuwa tayari kupiga kulia, akanishtua."

"Mimi?" Kijiko alisimama. "Sikusema kitu! Wallahi sikufungua mdomo!"

Lakini wote walikuwa wakitazama mpira, hakuna aliyekuwa akimtazama yeye, na mtu mwenye hasira hahitaji ushahidi mwingi. Walimnyang'anya chupa. Mmoja akammwagia maji yaliyobaki kwenye viatu. Njiani walimwambia apite upande wa pili wa barabara, naye akapita, viatu vikilia *chwaka chwaka*, peke yake mpaka kwao. Nyundo aliyaona yote na kunyamaza. Tena tuseme kweli, alipata nafuu.

Kesho yake Shangazi aliwaita wote karakana. Kijiko pia alikuja, akasimama nyuma. Shangazi alikuwa amelala vibaya, na ilionekana usoni.

"Nimefanya kazi na chuma miaka ishirini," alisema. "Jana nilirudi hapa kutafuta kosa langu. Nilidhani nimekufundisha vibaya, Nyundo. Njoo hapa."

Nyundo alisogea. Duara ya kushoto ilikuwa imebonyea. Ya kulia ilikuwa laini kama siku bati lilipotoka dukani, na chaki yake ilikuwa na mistari minne iliyolala sambamba.

"Mipira mia tatu na sitini ungeipiga hapa," Shangazi alisema. "Bonyeo hata moja silioni. Na hii mistari ni nini? Mpira una vidole?"

Shangazi aliweka mpira juu ya bomba, akampa Nyundo rungu. "Piga kulia. Utapiga mpaka upatie."

Nyundo alipiga. Mpira ulikwenda kushoto. Wa pili ukaenda kushoto. Wa tatu aligonga bomba, maumivu yakampanda mpaka kwenye kiwiko. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimchoma kuliko kicheko. Shangazi hakusema basi. Kila mpira uliporudi aliuokota, akauweka tena juu ya bomba, uso mkavu. Ulipofika wa thelathini na moja, machozi yakamzuia Nyundo asiuone.

"Sikujifunza," alisema. "Nilidanganya. Na Kijiko hakupiga kelele. Nilimsingizia."

Wote waligeuka nyuma. Kijiko hakuwepo tena. Alikwisha kusikia alichokuja kusikia, akaenda zake.

Jioni Nyundo alipiga moyo konde, akaenda kubisha kwao. Kijiko alifungua mlango mwenyewe, akasimama katikati yake.

"Nimekuja kukuomba msamaha. Nimesema ukweli mbele ya wote."

"Nilikusikia. Haya, nimekusamehe."

"Basi kesho utakuja kiwanjani?"

Kijiko alilitikisa komeo la mlango kidogo. "Unajua dada yangu mdogo ananiita nani siku hizi? Kijiko. Juzi mwalimu wa hesabu naye kaniita hivyo, darasa zima likacheka. Wewe ndiye uliyenipa." Hakupandisha sauti. "Usiku mwema." Akafunga mlango polepole.

Hakurudi kiwanjani, si kesho yake wala wiki iliyofuata. Baadaye ilijulikana kwamba watoto wa reli wamempokea.

Shangazi hakumfukuza Nyundo, ila katika mechi zote za kirafiki kabla ya msimu mpya alimweka benchi, alinde chupa za maji za wenzake. Kila asubuhi alisimama naye karakana kabla ya kuwasha mashine. Ile sheria ya uani aliifuta: apigaye kulia ataendelea kucheza, na mashuka watakamua wote. Wiki ya kwanza Nyundo alitoka malengelenge. Ya pili yakapasuka, akafunga kitambaa na kujikaza kisabuni. Wiki ya tatu, asubuhi moja ya baridi, aliuacha mpira ukae kwa nusu ya pumzi zaidi, akausukuma, na duara ya kulia ikalia. Alitaka kurukaruka. Akageuka kumtafuta mtu wa kumwonyesha, akakuta Shangazi tu, anavaa glavu zake za kazi.

"Huo ni mmoja," Shangazi alisema. "Weka mwingine."

Baada ya miezi minne ukuta ulikuwa na mabonyeo pande zote tatu.

Msimu mpya ulipoanza, walipangiwa watoto wa reli tena. Mpaka zamu ya mwisho walikuwa sare, na mwenzake Nyundo alikuwa beisi ya tatu. Nyundo alipoingia, mdakaji mwenye pengo alianza kuwahamisha wenzake kushoto kama zamani.

"Rudini!" sauti iliita kutoka kulia. Alikuwa yule aliyeitwa Kijiko, amevaa fulana ya reli. "Kila mtu arudi mahali pake! Napita pale karakana kila asubuhi nikienda shule, namsikia. Siku hizi anapiga kote!"

Walirudi. Mpira ulikuja mbali na mwili. Nyundo aliusubiri, akausubiri, akausukuma kulia, katikati ya beisi ya kwanza na msichana yule. Msichana alijirusha mzima mzima, glavu ikaugusa mpira, ukamponyoka. Mwenzake Nyundo akakimbia mpaka beisi ya nyumbani. Wakashinda.

Timu mbili zilipopeana mikono, msichana yule alimpa Nyundo mkono wake. "Umepiga vizuri," alisema, na alimaanisha. Kisha akaenda kwa wenzake. Hawakumnunia kwa mpira uliomponyoka. Mmoja alimpangusa vumbi mgongoni, wakamwita kwa jina lake, lile alilopewa na wazazi wake. Nyundo alishtuka. Kwa miaka miwili ya kucheza pamoja, jina lile halikuwahi kutoka kinywani mwake.

Alimfuata Shangazi, aliyekuwa akikusanya marungu.

"Shangazi, mwombe arudi kwetu. Wewe atakusikiliza."

"Siwezi, mwanangu."

"Lakini alinisamehe! Na mimi nimebadilika, hata yeye amesema."

"Umebadilika, na mimi nakuona." Shangazi aliketi juu ya mfuko wa marungu, akamketisha karibu naye. "Alikusamehe ili moyo wake upumzike. Hiyo haimaanishi kwamba ana deni la kurudi kukaa na wewe. Ulikwepa kazi, ukadanganya kuficha uvivu, kisha ukamtwika mtu asiye na kosa ili uongo usimame. Kazi uliyoikwepa umeifanya, ikakuchukua miezi minne. Kumsingizia yule kulikuchukua muda wa kuvuta pumzi moja, na hilo sina bomba la kukuwekea ulirudie."

Nyundo alitazama ng'ambo ya uwanja. Watoto wa reli walikuwa wanaondoka, wamezunguka chupa moja ya maji, wanapokezana. Alisubiri kuona kama yule msichana atageuka nyuma. Hakugeuka.