Kitanda cha Milimita

Kila asubuhi, kabla sijaenda kufundisha chekechea, napita karakana ya mchumba wangu, fundi seremala, na chupa ya chai. Nammiminia kikombe, nampa neno jipya la ugonjwa wake wa kutaka kila kitu kinyooke, anacheka, naondoka. Mtaa mzima unamwita Milimita. Mimi ni mtu wa aibu. Ya moyoni siwezi kuyasema kavukavu, kwa hiyo namtungia maneno.

— Jana ulikuwa mpimazee, nilimwambia nikimimina chai. Mtu anayepima mbao mpaka mwenyewe anazeeka.

— Na leo, Mwalimu?

— Leo una boresharibu. Unaboresha, unaboresha, mpaka...

Hakuwa ananisikiliza tena. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kitanda chetu cha harusi, akipapasa ubao wa kichwani kwa kidole kimoja.

— Kuna ufa.

— Wapi?

— Hapa. Mwembamba kama unywele.

— Mpenzi, hapo hata ukinipa darubini...

Shoka lilishuka.

Ubao ulipasuka katikati kwa mlio kama wa mfupa. Akapiga tena. Tendegu likaruka, likavunja dirisha, vioo vikamwagika miguuni mwangu.

— Acha! Unafanya nini?

— Kimenishinda! Kila nikikigusa kinanishinda!

Akapiga tena. Kibanzi kikaruka, kikanichana juu ya jicho. Kikombe kikaniponyoka. Damu ikadondokea kwenye vumbi la mbao, ikajiviringa ndani yake kama shanga.

Kaka yangu anachomelea vyuma banda la jirani. Aliingia mbio, miwani ya kazi bado iko kwenye paji la uso. Akaona damu. Ngumi ya kwanza ilimbwaga Milimita juu ya mabaki ya kitanda. Ya pili ikampasua mdomo.

— Umempiga dada yangu?

— Ni kibanzi, shemeji! Kimeruka chenyewe!

— Kibanzi hakina mabawa! Kuna mtu alishika shoka!

Wakabiringishana sakafuni. Kopo la vanishi likapinduka. Kaka akamkaba koo, akabana. Mkono wa Milimita ukahangaika chini, ukakuta patasi. Mimi ndiye niliyeiona. Nikaikanyaga pamoja na vidole vyake, kwa nguvu ambazo sikujua ninazo.

— Kaka, mwachie! Na wewe, iache!

Kaka akasimama akihema kama ng'ombe wa kulimia.

— “Tutaoana kitanda kikiisha.” Si ndivyo anavyokwambia? Hiki ni cha tatu anakiua kwa mkono wake. Mara ya tatu mama anawapigia ndugu kuwaambia wasije. Fungua macho, dada. Asiyetaka kuoa hakosi ufa.

Nikamtazama Milimita. Hata pale, damu ikimtoka, alikuwa anatafuta sentensi iliyonyooka. Nilingoja mpaka nikaona aibu kungoja. Nikabana jicho kwa leso, nikaondoka.

Nilishonwa nyuzi zahanati, nikarudi nyumbani nikajilaza. Simu ikaanza vituko chini ya jina la Milimita. “Anaandika...” Inapotea. “Anaandika...” Inapotea. Mchana kutwa. Mwishowe nikampigia mwenyewe.

— Unaandika nini?

— Naandika, nafuta. Sentensi hazikai sawa.

— Niambie hivyohivyo, hata ikiwa imepinda.

Nilimsikia akivuta pumzi.

— Haukuwa ufa, Mwalimu. Ni mstari wa mbao tu, niliujua. Kitanda kilikuwa kimeisha. Nikaogopa.

— Umeogopa nini?

— Kitanda kikiisha, kinachobaki kukaguliwa ni mimi. Na mimi nina nyufa ambazo msasa hauzifikii. Vile vitanda viwili vya kwanza pia vilikuwa vizima. Nisamehe kwa jicho lako.

Nililia kimyakimya. Kisha nikasema:

— Njoo nyumbani. Njoo na shoka lako.

Jioni alikuja amelibeba kwa mikono miwili, vidole vimefungwa bandeji. Kaka, niliyekwisha kumsimulia yote, hata neno la asubuhi, alikuwa amesimama mlangoni kama komeo. Milimita akampa shoka bila kuinua macho.

— Chukua, shemeji. Lisirudi kwangu.

Kaka akaligeuzageuza.

— Nitalikata, nilifanye bawaba. Angalau lifungue mlango badala ya kufunga. Mdomo vipi?

— Umevimba upande mmoja.

— Nilete ngumi nyingine nikuwekee sawa? Najua hupendi vitu visivyolingana.

Milimita akataka kucheka, mdomo ukamkatalia. Akanigeukia.

— Kesho naanza kingine. Safari hii mbao ngumu zaidi, nitapima mara mbili...

— Boresharibu hiyo imerudi, kaka akadakia.

Wote wawili wakanitazama wakingoja neno jipya, kama kawaida yangu. Nyuzi zilinivuta juu ya jicho. Uso ukaniwaka moto.

— Leo sina neno, nikasema. Yale yote yalikuwa na maana moja tu, na sikuwahi kuisema. Sitaki kitanda. Nakutaka wewe, na hizo nyufa zako. Ukiinua tena chuma kwa hasira nikiwa karibu, nitaondoka na hutaniona maishani. Kama umesikia hilo, basi nioe Jumamosi hii. Tutalala chini.