Betri ya Dishi la Shule

Wanawake waliokwenda kuokota kombe asubuhi walimkuta Tebora amelala kifudifudi juu ya mwamba, maji yamekupwa, nywele zimejaa mchanga. Kisogoni palikuwa na jeraha kubwa. Mmoja alivua nguo yake ya kiunoni akamfunika. Mwingine alikimbia kijijini Temaraia kumwita mama wa marehemu, lakini njiani akageuka akamwita mchungaji kwanza. Hakujua angeanzaje kumwambia Nei Rotia.

Inspekta Kaumai alifika kisiwani Abaiang adhuhuri kwa boti ya polisi kutoka Tarawa, kisiwa kikuu, yeye na daktari wa polisi. Maiti ilikuwa zahanati. Daktari aliingia, akakaa sana, akatoka akivua glavu.

"Amekufa maji," alisema. "Mapafu yamejaa. Jeraha ni la mwamba, na alilipata ameshakufa. Hakuna alama ya mkono wa mtu."

"Mashua yake?"

"Imeonekana imepinduka mkondoni, kati ya hapa na Tarawa Kaskazini. Ni ajali. Funga jalada turudi, afande, upepo haujatulia huu."

Kaumai hakufunga jalada. Jambo moja lilimtatiza. Binti huyu alisomea sayansi ya mazingira. Ndiye aliyepima upepo, mawimbi na chumvi ya visima, na wanaume wazima walimuuliza yeye kabla ya kushuka majini. Jana upepo ulitoka magharibi, kila mtu akavuta mashua yake juu. Yeye, aliyejua kuliko wote, akashusha yake. Kwa nini?

Aliruhusu mwili urudishwe nyumbani, kisha akamtafuta Tekoaua, kijana aliyesoma chuo pamoja naye.

"Nasikia mlikuwa mnagombana, wewe na Tebora."

"Tulikuwa tunagombea, afande. Kugombana ni kitu kingine."

"Mnagombea nini?"

"Ufadhili wa shahada ya pili. Nafasi moja kwa visiwa vyote."

"Mwenzio amekufa. Nafasi imebaki yako."

Tekoaua alicheka bila furaha. "Usaili ulikuwa jana. Mimi pia sikuufanya."

Akaeleza. Tangu wamalize chuo walikuwa wanatafuta wafadhili. Wengine walitaka mtu aliyefanya kazi miaka mingi, na kazi yenyewe kisiwani haipo. Wengine walilipa karo tu, nauli uogelee mwenyewe. Huyu mmoja ndiye aliyekubali kulipa kila kitu, mpaka vifaa vya kupimia. Usaili ulikuwa asubuhi, kwa dishi la intaneti la shule.

"Tukafika tumechana nywele," alisema. "Dishi limekufa. Betri haipo."

"Imekwenda wapi?"

"Mzee Bakatu alisema imeibwa. Mimi nikakaa chini. Tebora akasema ng'ambo Tarawa kuna mtandao, akaenda kushusha mashua."

"Hukumzuia?"

"Nilimwambia bahari imechafuka. Akanijibu, 'Kaa hapo hapo, mvivu wewe, usije ukanipokonya nafasi yangu.' Alikuwa ananitania. Tuliagana tukicheka, afande. Ndiyo maana inaniuma."

Kwa simu ya setilaiti ya boti, Kaumai alimpata Daktari Litia huko Suva kwenye chuo chao, mwalimu aliyewaombea vijana hao ufadhili. Mama yule alilia kwanza.

"Tebora tulikuwa tumeshamchagua," alisema. "Usaili ulikuwa wa kukamilisha tu."

"Asingepigiwa siku nyingine?"

"Angepigiwa. Hata wiki nzima tungemsubiri. Hakuwa na njia ya kujua."

"Masomo yenyewe angekwenda kusomea wapi?"

Daktari Litia alimjibu. Kaumai alishika ile simu muda mrefu baada ya kukatika.

Akaenda shuleni. Kibanda cha dishi kilikuwa nyuma ya darasa. Kufuli zima. Bawaba nzima. Ndani, nyaya zilikuwa zimefunguliwa kwa spana, na kila ncha imezungushiwa utepe isigusane na mwenzake. Mwizi hana adabu kama hiyo.

Mzee Bakatu, mlinzi wa shule, alikuwa ameketi mkekani anasuka kamba.

"Ufunguo anao nani, mzee?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna."

"Mwizi aliingiaje?"

"Wezi wana njia zao."

"Akatoka, akakufungia na kufuli?"

Bakatu aliendelea kusuka.

"Hizi nyaya umezifunga wewe."

"Mikono yangu inatetemeka siku hizi. Hata ndoano sifungi."

"Kamba unasuka vizuri."

Mzee aliiweka kamba chini.

Kaumai alivua kofia ya kazi akaketi mkekani. Naye ni mtoto wa visiwa hivi. Alizungumza taratibu.

"Mzee, sikuulizi nani aliiba. Nani alikuomba?"

Bakatu akainamisha kichwa.

Kwetu ndugu akikuomba kwa bubuti, humnyimi. Akitaka mashua, utampa mashua. Akitaka shati ulilovaa, utalivua. Kuuliza ya nini ni aibu yako, na kumtangaza aliyekuomba ni kumvua nguo barabarani.

"Betri ni mali ya serikali," alisema Kaumai.

"Najua. Ndiyo maana nilisema imeibwa."

"Ulijua kuna usaili?"

"Nilijua watoto watazungumza na watu wa mbali. Hapa meli ikichelewa mwezi tunasubiri. Nikadhani na hao watasubiri."

Na kweli wangesubiri. Kaumai hakumwambia.

"Nani, mzee?"

"Nipige pingu. Jina silitoi."

Kaumai hakumpiga pingu. Alikwenda msibani, maana hajafika mtu kijiji chenye msiba akaondoka bila kuketi na marehemu. Alivua viatu, akaweka tumbaku yake ya rambirambi mbele ya wafiwa, akasogea kwenye mkeka.

Tebora alikuwa amelazwa katikati ya nyumba, amepakwa mafuta, ana shada la maua kichwani. Wanawake walikuwa wanaimba nyimbo za kanisa. Joto lilikuwa la kuchemsha maji, na nzi walimjaa kila mtu, isipokuwa marehemu. Usoni mwake hapakuwa na hata mmoja. Juu yake feni ilikuwa inazunguka.

Nyumba za Temaraia zina taa moja moja ya jua, ya kusomea na kuchajia simu. Feni ile isingezungushwa na taa hizo hata kidogo.

Kaumai aliufuata waya kwa macho. Ulipita ukingoni mwa mkeka, ukaingia chini ya kitambaa, miguuni pa Nei Rotia.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo betri."

Nei Rotia hakushtuka. "Nilijua ukiingia utaiona."

"Ilikuwa wapi jana?"

"Niliifukia kwenye shimo la magimbi. Ningeiacha kule usingeipata mpaka kiama. Lakini wamemleta, mwanangu, na nzi wakamwendea machoni. Sikuweza."

"Bakatu alikupa?"

"Ni shemeji yangu. Nilimwomba. Yeye hana kosa."

"Kwa nini uliitaka?"

Alimtazama binti yake kwanza, kama anayemwomba ruhusa.

"Kaka yake Iobi alipata masomo New Zealand. Nilichinja nguruwe, nikacheza ngoma mbele ya kijiji kizima kwa furaha. Iobi hakurudi. Ameoa huko. Baba yake alipokufa tulimsubiri uwanjani, ndege ikashusha watu wote, yeye hayumo. Nikasema huyu mmoja siwapi."

"Hukumwambia hivyo?"

"Ningemwambia angenibishia, na anajua kusema kunishinda. Nikaona dishi likizima, siku ipite, wale watu wamsahau. Angenuna wiki, kisha angezoea. Mashua sikuifikiria. Kwa upepo ule nani angefikiria mashua?"

Mzazi asiharakishe kusema mama huyu alikuwa mbaya. Alimpenda mtoto kuliko roho yake. Sisi tunaopenda hivyo hatuulizi, tunafanya tu, na mtoto anabaki kupigana na ukuta ambao hajui umejengwa na nani.

Nei Rotia alimgeukia Kaumai.

"Angekwenda nchi gani?"

"Hukumuuliza?"

"Kila akianza kunieleza nilimwambia tule kwanza. Tukishakula nilimwambia tulale."

Kaumai alifikiria kumdanganya. Angetaja nchi yoyote ya mbali, mama huyu angepata pa kuegemea. Lakini Daktari Litia angepiga, Tekoaua angesikia, na habari ingefika tu, imebebwa na midomo ya watu.

"Hapa, mama," alisema. "Utafiti aliombea Temaraia, kwenye visima vyenu vinavyoingiwa na chumvi. Suva angekwenda wiki chache kwa mwaka. Aliwaambia wafadhili hawezi kukuacha peke yako."

Wanawake walioketi karibu waliacha kuimba. Wa nyuma waliendelea, kisha nao wakanyamaza, hawajui kwa nini.

"Nifunge," alisema Nei Rotia.

"Mtaandikisha maelezo, wewe na mzee Bakatu. Betri ni kielelezo. Mahakama itaangalia."

"Si kwa betri."

"Kwa hilo lingine sina sheria, mama."

Nei Rotia akainama, akafunua kitambaa, akachomoa waya mmoja, akachomoa wa pili, akaisukuma ile betri mpaka kwenye magoti ya inspekta. Feni ilizunguka kidogo, ikasimama.

Nzi wa kwanza alitua kwenye shavu la Tebora. Mama yake alimfukuza kwa mkono. Akaja mwingine, akamfukuza. Jirani alimnyooshea upepeo wa ukindu, akaukataa kwa kichwa, akaendelea kwa mkono wake.