Noah Iliyokufa Jioni ya Volkano

Maiti ilikuwa na magurudumu manne. Ilikuwa katikati ya parseli, kiwanja cha nyumba ya Mama Jamila, mtaa wa Majengo, mjini Goma, imefunikwa vumbi jeusi la mlima kuanzia boneti mpaka taa za nyuma: Toyota Noah ya kijivu, viti vinane, bila jeraha hata moja.

Inspekta Victoire aliizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. Katika miaka kumi na tisa ya upolisi alishaona gari zilizoibwa, zilizochomwa, hata moja iliyozamishwa ziwani pale Kituku. Iliyouliwa bila chuma kuguswa, hii ilikuwa ya kwanza.

"Zungusha ufunguo," alimwambia fundi.

Guylain, fundi wa umeme wa magari kutoka Birere, alizungusha. Kwenye dashibodi taa nyekundu yenye picha ya ufunguo ilikonyeza, ikakonyeza tena. Injini haikukohoa hata kidogo.

Mama Jamila, muuza vitenge, mwili mkubwa na sauti kubwa kuupita mwili, alieleza mambo yake bila kupumua. Jumamosi ile ya mwezi wa tano, Nyiragongo ilipopasuka, majirani wote waliwasha magari wakakimbia. Yake ilikataa. Mume wake alikuwa Kindu kwa biashara. Basi walitembea na watoto mpaka Sake, kilomita ishirini na kitu, na baba mkwe wake, Muzee Jumaine, miaka sabini na minne, akisukumwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea makaa na viazi. Sasa watu wamerudi mjini, lakini gari haijarudi duniani.

Muuaji alishamjua: shofere wake, Adalbert. Asubuhi ya Jumamosi ile Adalbert aliomba gari akamlete mke wake Fabiola na watoto kutoka Kibati, waje kusali Pentekoste mjini. Alikataliwa. Wakatupiana maneno mbele ya majirani.

"Alinifanyia makusudi," Mama Jamila alisema. "Muzee mzima anapita barabarani kama gunia ya makaa, batu wanamuangalia. Huyo mutu aende gerezani."

Adalbert alikuwa kwenye kasho, mahabusu ya polisi, tangu jana. Sheria inampa OPJ, mpelelezi kama Victoire, saa arobaini na nane tu: kesho saa nne, ama amwachie, ama ampeleke parquet, kwa mwendesha mashitaka, na faili yake. Victoire aliwajua mashofere waliopelekwa parquet kwa kosa dogo kuliko hilo. Watoto wao walianza shule na kuimaliza kabla faili haijafunguliwa.

Guylain alitoa kichwa chini ya usukani. Alisema hakuna waya uliokatwa. Mtu alichomeka kable ya ordinatere, yaani kompyuta, pale chini, akajaribu kuandika upya ile moduli inayotambua ufunguo wa gari, na kazi ikakatika katikati.

"Sasa haimjue mutu yeyote," alisema. "Ni kama mugonjwa ameamka hakumbuki bibi aliyemuoa."

"Inatibika?"

"Mwenye kufanya hivi, programu yenyewe inamuwekea kopi ya mwanzo mbele ya kuandika. Nikipata kopi, ni dakika makumi tatu. Nikikosa, tunaagiza moduli ingine Kampala, tunangoja."

Victoire alijaribu kuketi kwenye kiti cha shofere. Magoti yake yaligonga usukani. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele mpaka mwisho. Akamuuliza Mama Jamila nani mwingine anaendesha. Hakuna, ni Adalbert peke yake, na tangu Jumamosi ile hakuna aliyekisogeza.

Victoire alimwangalia Mama Jamila, akaiangalia nafasi kati ya kiti na usukani, akamfuta kwenye orodha. Adabu ilimzuia kusema kwa nini.

Kwenye kasho, Adalbert alisimama na kichwa chake kikakaribia dari.

"Unajua ordinatere?"

"Kwa macho tu, Afande."

"Simu yako ni hii ya vitufe, iliyofungwa na mpira?"

"Ni hiyo."

"Ulimkasirikia Mama Jamila?"

"Sana. Lakini kesho yake nilipata bibi yangu na batoto bazima ku Sake. Hasira ikaisha."

"Jumamosi, nani aliketi kwenye kiti chako?"

Majibu mengine yote yalikuja haraka. Hili lilichelewa. Adalbert aliangalia ukuta.

"Sijue, Afande."

Pembeni yake kulikuwa na sahani iliyofunikwa kitambaa safi. Pua ya Victoire ilifika pale kabla ya mkono. Pilau ya karafuu na mdalasini, nyama ndani.

Hapo akaanza kuwaza. Kwenye kasho serikali haipiki. Mfungwa anakula cha nyumbani kwake. Fabiola bado alikuwa Sake na watoto, na hata kama angekuwa Goma, mwanamke wa Butembo kama yeye angemletea mumewe fufu na sombe. Mlinzi alisema chakula huletwa na motari, mtu wa pikipiki, mara mbili kwa siku, anakitoa Majengo, hasemi kwa nani.

Alasiri Victoire alirudi kwa Mama Jamila pamoja na Guylain. Akakaribishwa chakula, kama ilivyo desturi ya nyumba ile yenye asili ya Maniema. Pilau. Karafuu, mdalasini, nyama. Aliomba sahani ya pili, kwa ajili ya uchunguzi tu. Mama Jamila alilalamika kwamba siku hizi mbili sufuria inaisha kabla yake, na watoto wanaapa si wao.

Kwa hiyo ndani ya nyumba ya mshitaki kulikuwa na mtu anayemlisha mshitakiwa. Victoire alitoka nje, akamvuta Guylain pembeni, akamnong'oneza. Halafu akaomba watu wa nyumba wote wakae uani.

Muzee Jumaine aliketi kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani, tasbihi mkononi. Mtu mfupi, mkavu, miguu yake haikugusa chini vizuri. Miaka thelathini alitengeneza radio sokoni Virunga.

Guylain alifungua ordinatere yake, akachomeka kable, akatangaza kwamba ataandika moduli upya sasa hivi na batri ile ile iliyokaa wiki tatu. Kidole chake kikashuka polepole.

Tasbihi ilisimama.

"Chomeka chaji kwanza, mutoto wangu," Muzee Jumaine alisema. "Moto ukikatika katikati, utaiua mara ya pili."

Victoire alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Na mara ya kwanza iliuliwa namna gani, muzee?"

Muzee aliiweka tasbihi mfukoni. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Alijifunza kwenye video za simu. Alinunua kable Birere, akaazima ordinatere ya mjukuu. Iko chini ya kitanda chake, na kopi iko humo. Alitaka kufuta funguo zote, abaki nao mmoja ambao hata mkwe wake asiujue.

"Ilifika soixante pour cent, sitini kwa mia. Mbingu ikakuwa nyekundu. Mama Jamila akapiga kelele washa gari, washa gari. Nikachomoa. Nilizani soixante inatosha."

Mama Jamila alishika mdomo.

"Sababu gani, muzee?" Victoire aliuliza. "Gari kufungwa hivyo."

"Waasi walipoingia 2012, nilitoa batri nikaificha chini ya nyumba ya kuku. Adalbert peke yake ndiye nilimuonyesha. Wakamlaza pale mulangoni, wakamupiga na vitako vya bunduki mpaka akaonyesha. Gari yetu ya wakati ule wakaenda nayo. Kosa ni yangu, nilimupa siri ya kupigiwa. Sasa watu wanasema tena waasi wanajipanga. Nikasema, mara hii siri ikae mu mashini. Mashini haipigwe."

"Na ukamwacha afungwe?"

"Nilizani mutamuuliza maneno mawili mumuachie." Alimtazama Mama Jamila. "Huyu alishika mugongo wangu juu ya chukudu mpaka Sake, nisianguke. Nitamuambia nini? Nipeleke mimi, Afande."

Victoire aliomba kadi ya gari. Jina lilikuwa Jumaine. Akasema mtu anayeua gari yake mwenyewe, sheria haina kifungu chake; inamwita fundi mbaya, basi. Kuhusu pilau, serikali inashukuru.

Guylain alichomeka chaji. Dakika thelathini baadaye Noah ilikohoa, ikanguruma, ikatema vumbi uani. Mama Jamila hakuiangalia. Alikuwa ameshavaa viatu kwenda kuondoa mashitaka.

Victoire alifungua kasho kwa mkono wake mwenyewe, akamweleza Adalbert yote, mpaka ile ya nyumba ya kuku.

"Jumamosi ulimuona?"

"Nilimuona. Nilikuwa nachota maji ya kuosha gari. Alikuwa na kable mukononi."

"Ukanyamaza. Na kesho ilikuwa parquet."

Adalbert aliinama kufunga kamba za viatu alizorudishiwa. Hakuinua kichwa.

"Afande, ule mwaka walinipiga, nikasema. Muzee hakunilaumu hata siku moja. Hapa kwenu hakuna mutu aliyenigusa. Ningesema kwa sababu gani?"